Ukurasa wa Visheti

Mimi ni msimamizi wa jukwaa la kujadili kurasa za mtandaoni zinazoshukiwa kuwa taka, yaani zilizoandikwa na mashine tu, na nimechoka. Adabu yetu ni kwamba hatutaji jina la ukurasa, na hakuna kumtetea ndugu. Wengi wakikubaliana, ukurasa unaondolewa kwenye utafutaji, na kuanzia hapo mwenye ukurasa hapatikani tena, hata kwa simu.

Leo asubuhi mtu aliandika: "Samahani kama nakosea. Kuna ukurasa unaoeleza kupika visheti kila siku, maneno yaleyale. Huyu si mashine kweli?"

Aliandika kistaarabu. Wenzake wakamshukuru, wakaanza kukubali mmoja mmoja.

Nikamgeukia mama. Alikuwa ng'ambo ya meza, miwani puani, anaandika kwenye simu jinsi ya kupika visheti.

"Mama, hiyo si uliandika jana?"

"Jana wapi, Zamda? Ndiyo naanza. Shangazi zako wataitafuta sikukuu ikifika."

Nilitaka kuandika neno moja tu jukwaani. Lakini sheria ya ndugu niliiweka mwenyewe, baada ya kuchoshwa na watu waliodai kila taka ni ya mama yao. Wengi walipokwisha kukubali, nikafunga mjadala kama ninavyofunga yote: "Asanteni kwa ustaarabu wenu."

Jioni mama aliipangusa simu yake kwa upindo wa kanga.

"Hii nzima kweli? Tangu asubuhi hajanipigia mtu. Hebu nipigie wewe."

Nikatafuta jina lake kwenye simu yangu. Halikuwepo.

Nikamwambia ni mtandao.