Fumbo la Mwalimu Kibwana

Kwa miaka thelathini Mwalimu Kibwana alijaza fumbo la maneno la gazeti kila asubuhi, kwa kalamu ya wino, bila kufuta hata herufi. Nukuu ya siku aliikata kwa wembe akambandikia mkewe, Sikudhani, kwenye mlango wa jikoni. Sikudhani akilishika tu gazeti, aliambiwa, "Liache hilo. Haya si ya kila kichwa."

Leo ilikuwa wiki ya tatu tangu kiharusi kimlaze Mwalimu na kumnyang'anya ulimi. Sikudhani aliketi kando ya kitanda na gazeti, na kalamu ileile.

"Mfalme wa nyika," alisoma. "Herufi tano."

Macho ya Mwalimu yaling'aa. Midomo ilihangaika, ikatoa mate tu.

"Nimeipata, Mwalimu." Akaandika polepole, akimwonyesha kila herufi: P, A, N, Y, A.

Mwalimu alikoroma kama mtu anayezama. Sikudhani akaendelea, kosa juu ya kosa, mpaka kikabaki kisanduku kimoja. Kisha akaikata nukuu ya siku, akaibandika ukutani mbele ya macho ya Mwalimu: "Kila ulichopoteza kimekupunguzia mzigo."

"Hicho kimoja nimekuachia wewe," alisema.

Akaichomeka kalamu katika mkono wake wa kulia uliokufa, akavikunja vidole kimoja kimoja.

Alikwenda jikoni, akasimama akisikiliza. Kalamu ilipoanguka sakafuni, alibandua nukuu ya kwanza mlangoni, akawashia jiko.