Mwaka Mmoja wa Garside

Ulimwengu na ujue kwamba mimi, mwanagenzi wa klabu ya daraja la nne, ndiye niliyemwongezea beki wetu mkongwe Garside mwaka mzima wa soka. Mwaka huo uliisha kabla barafu ya gotini mwake haijayeyuka.

Msimu ulikuwa umekwisha. Wachezaji walisubiri kuitwa ofisini, mmoja mmoja, kuambiwa nani anabaki na nani anaachwa. Nikajibanza nyuma ya mlango wa chumba cha kuvalia, nikaiga sauti ya kocha.

"Garside! Usihangaike kuja, mzee. Unabaki mwaka mwingine!"

"Goti likikubali!" akadakia kipa, na wote wakacheka, maana mizaha yangu waliijua.

Nilitarajia tusi. Lakini Garside, goti limemvimba kama boga, aliamini, akampigia mkewe simu.

"Mpenzi, tunabaki. Mwambie mtoto hahami shule."

Kicheko kikafa.

Ndipo kocha mwenyewe akaingia. "Garside, twende ofisini. Chukua na begi lako."

"Lakini umeshaniambia nabaki, bosi."

"Nani kakwambia?"

Macho yote yakageukia nyuma ya mlango, nilipojibanza. Simu ilikuwa bado hewani, mkewe akishangilia.

"Ni mimi," nikasema.