Jembe la Mtani

Mwili ulikuwa nyumbani tangu juzi, na kaburi lilikuwa bado halijachimbwa. Kwa desturi ya pande zote mbili za mpaka, anayepiga jembe la kwanza ni mtani wa ukoo, yule mwenye ruhusa ya kuwatukana wafiwa kwa mzaha, naye alikuwa amezuiwa ng'ambo ya kizuizi cha mpakani, jembe begani.

"Marehemu ni nani kwako?" askari aliuliza tena.

"Mtumwa wangu," alijibu mtani, mzee Sikazwe. "Mvivu kupindukia. Hata kufa kachelewa."

Askari alikuwa mgeni katika mji ule. Hakucheka. "Karatasi ya undugu iko wapi?"

Upande wa pili wa kizuizi, Namonje, mjane wa marehemu, alilitazama jua. Likizama, mwili ungelala tena, na joto lile halikuwa na huruma.

"Afande, mwache apite. Babu zake na babu za mume wangu walizikana kabla ya mpaka huu kuwekwa."

"Mama, amri ni mpya. Nataka karatasi."

Sikazwe alifungua kinywa ili atukane tena, lakini machozi yakamtangulia. Namonje aliyaona machozi, akaingiwa na hofu kubwa kuliko siku zote mbili za msiba. Mtani halii. Akilia yeye, nani atawachekesha waliofiwa?

"We mzee," akamwita kwa ukali, "hilo jembe umemwibia nani?"

Sikazwe alijifuta macho. "Mumeo. Kwani aliwahi kulitumia?"

Akainama, akalipitisha jembe chini ya kizuizi. Namonje akaushika mpini, lakini mzee hakuliachia. Askari alilitazama, nusu huku, nusu kule, mkono wake ukiwa juu ya kamba ya kuinulia kizuizi.