Mgeni Rasmi wa Mauzo ya Vidani

Harithi alishuka kwenye pikapu yake mikono ikiwa mfukoni, na mkewe alipotokeza upande wa pili wa uwanja akaizamisha zaidi. Nachingwea nzima ilikuwa imeshazoea kichekesho hicho. Mwanamume mzima, mnunuzi wa korosho, anamkwepa mwanamke mwembamba kana kwamba ana upele.

Kisa chenyewe kilikuwa cha aibu. Miaka mitatu Harithi alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine. Mkewe, Mwanakheri, alimwacha bila kumlisha wala kumjulia hali. Msimu wa korosho ukifika tu, bwana anakumbuka kwamba ni mume, anakwenda kijijini Mtua kuvuna mikorosho ambayo Mwanakheri aliachiwa na marehemu baba yake. Mwanakheri alipodai talaka mbele ya Shehe Adinani, Harithi akajitapa.

"Mahari yangu ilikuwa kidani cha fedha. Siku kidani hicho kitakapotua mikononi mwangu, huyu hana mume."

Mwanakheri akakivua palepale. Harithi akaitumbukiza mikono mfukoni, akaondoka akicheka. Tangu siku hiyo kumfichia mkewe mikono kukawa ndiyo dini yake. Alijiona mjanja kweli.

Mwaka huo, tisini na nane, Mwalimu Doris, aliyehamishiwa pale kutoka Bukoba, alikusanya akina mama wauze shanga, hereni na bangili. Walitaka kununua kitanda cha kujifungulia kwa ajili ya zahanati ya Likunja, ambako wanawake walikuwa wanazalia mkekani. Kila mmoja alichangia alichokuwa nacho. Mwanakheri alichangia kidani.

"Umejifunga mwenyewe, shoga yangu," Biasha alimwambia kwa uchungu. "Kikinunuliwa kikapelekwa Dar, utamrudishia nini yule? Utakufa ukiwa mke wake."

"Wa Likunja wana shida kuliko mimi," Mwanakheri alijibu, akaendelea kupanga hereni mezani.

Kwa hiyo siku hiyo ya kufunga mauzo, jambo la kwanza ambalo Harithi, mgeni rasmi, aliuliza halikuwa kitanda wala wazazi.

"Mwalimu, nasikia kuna kidani cha fedha hapa."

"Kilikuwepo, Mzee Harithi. Kilinunuliwa siku ya kwanza, kikaondoka."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Mikono ikatoka mfukoni. Harithi aliinyoosha, akapeana salamu na kila mtu meza kuu, hata na Shehe Adinani, ambaye kwa kawaida alikwepwa pia. Kisha akashika kipaza sauti, chombo alichokipenda kuliko mwanamke wake yeyote. Akawaambia akina mama kwamba wakipunguza umbea wanaweza kufanya mambo. Akamnyooshea Mwanakheri kidole.

"Mwanamke mwenye akili ni kama yule. Ametoa pambo lake, hakubakiza kitu. Sasa atulie na mumewe."

Wapambe wake wakapiga makofi. Mwanakheri aliinamisha kichwa. Biasha alilia waziwazi, wala hakujifuta.

Baada ya hotuba mgeni rasmi alikagua meza. Alichagua bangili moja ya shanga ya kumpelekea yule mwanamke wake, akaomba apunguziwe bei. Ndiyo, kwenye mauzo ya kuchangia kitanda cha wazazi, tajiri wa korosho aliomba apunguziwe bei, na akapunguziwa, maana watu wa pale wana haya hata kwa asiye nayo.

"Tunamshukuru mgeni rasmi," Doris alitangaza. "Na kwa desturi yetu, hatuwezi kumwacha aondoke mikono mitupu."

Vigelegele vikapigwa. Kikaletwa kiboksi kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa, na Harithi akakipokea kwa mikono miwili, kama mgeni anavyotakiwa. Watu wakamwambia afungue. Mpiga picha akapiga magoti mbele yake, naye akachana karatasi haraka, akaingiza mkono, akakiinua juu kilichokuwemo. Alitabasamu akitazama kamera.

Shehe Adinani alikuwa ameshasimama.

"Kidani hicho nilikinunua mimi," alisema. "Mwanakheri, binti yangu, eda yako inaanza leo."