Jiwe Lililokosa Jina

Daktari wa miamba alilinusa jiwe kwa mara ya tatu, akafumba macho kama mpishi anayekisia chumvi. Lilikuwa jeusi, dogo kuliko ngumi. Pale alipolikata kipande chembamba kwa msumeno palitoka harufu ya lami na udongo uliolowa. Jiwe la jangwani halina ruhusa ya kunukia hivyo.

"Mzee wangu," alimwambia dereva wa lori aliyeketi pembeni, kofia mapajani, "hili halikuzaliwa duniani."

Dereva alishusha pumzi. Akasema alilijua tangu alipoliokota, maana mawe mengine yote yalilala, hili peke yake lilikuwa limekaa macho.

Daktari alimsogeza kwenye hadubini aone mwenyewe. Vipunje vya mviringo, vidogo kama mbegu za mchicha, vilijazana ndani ya unga mweusi wa kaboni. Alimweleza kwamba vipunje hivyo viliganda kabla dunia haijawa dunia. Kimondo cha namna hiyo wataalamu hukiita kondraiti ya kaboni, na katika vimondo mia hupati zaidi ya vinne au vitano. Dereva alichungulia kwa muda mrefu, kisha akasema Mwenyezi Mungu ana ghala kubwa, wala hakuna anachokitupa.

Aina iliandikwa. Uzito uliandikwa. Fomu ya usajili ilibaki na mstari mmoja mtupu, wa jina, na hapo ndipo dereva alipokaa sawasawa. Hakutaka zawadi wala picha gazetini. Alitaka jiwe liitwe kwa jina la mke wake, basi.

Daktari alimjibu kwa upole kwamba haiwezekani. Kimondo hupewa jina la mahali kilipookotwa, si la mtu, hata angekuwa malkia. Kamati ya majina ingeirudisha fomu kabla wino haujakauka. Akamuuliza mahali pale panaitwaje.

"Hapana jina pale," dereva alisema upesi. "Mchanga mtupu. Hata kunguru hapajui."

Kwenye ramani kweli palikuwa peupe. Basi, alisema Daktari, litapewa namba. Dereva aliikunja kofia yake mara mbili, akasema namba ni za magari. Mke wake hakustahili namba.

"Kwa nini unataka liwe na jina lake, mzee?"

Dereva aliikunjua kofia. "Nilimpoteza pale pale, binti yangu. Huu mwaka wa ishirini na mbili. Tulishuka kusali. Niliporudi kwenye usukani, sikuwa naye tena. Niliendesha saa mbili nzima nazungumza naye, hanijibu."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimpa pole, akamwombea mama wa watu mapumziko mema. Dereva aliitikia amina kwa sauti ya mtu aliyebanwa na kiatu. Alipoulizwa kama pale kuna kaburi, alikohoa, akasema maabara hii ina vumbi sana, akaaga.

Daktari hakuwahi kuruka foleni hata ya chai. Lakini machozi ya mzee aliyekataa kulia yalimkaa rohoni. Jioni aliomba Mungu amwonyeshe mlango ambao hautahitaji uongo, kisha akafungua kitabu cha kanuni, kwa sababu aliamini dua hupenda miguu. Mlango ulikuwa kifungu cha saba: pasipo na jina kwenye ramani, litumike jina ambalo wapitaji wamelizoea.

Moyo wake ulichangamka. Aliwajua madereva. Palipopinduka lori, palipokatika ekseli, palipofia mwenzao, kote huko hupaita jina, na jina hilo huwa halifutiki. Kama walipaita pale kwa jina la marehemu, kamati ingekosa neno la kusema, na mzee angelala usingizi.

Asubuhi alipiga simu ofisi ya madereva, bila kumwambia mzee, ili iwe furaha ya ghafla. Alimsomea karani vipimo vya mahali penyewe, akauliza kwa sauti ya msibani kama wenyewe wanapaita chochote.

Karani alicheka mpaka simu ikakoroma. "Hapo? Hapo miaka yote panaitwa Aliposahauliwa Mke. Hebu subiri, mwenyewe yuko hapa anawapangia watu zamu, nikupe."

Kiti kilikwaruza sakafu. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka.

"Mwanangu, safari hii amesema nimekufa kwa ugonjwa gani?"