Kipimo cha Mjukuu

Hebu niambie, umewahi kutupa neno la mzaha mbele za watu, kisha ukatamani ulikimbilie ulirudishe mdomoni kabla halijafika?

Twaha alilitupa siku ya mnada, saa nne asubuhi, karakana yake imejaa vijana wa bodaboda. Bi Mwanamisi alikuwa amekuja na kamba yake, kama alivyokuja kila mwezi. Kamba ya katani yenye fundo moja. Toka nchani hadi kwenye fundo, ndio urefu wa mguu wa mjukuu wake. Aliinyoosha kando ya kipikipiki chekundu alichokileta kitengenezwe, akapima toka siti hadi chini, akatikisa kichwa.

"Ishushe tena kidogo, fundi. Vidole viwili."

"Bi Mwanamisi," Twaha akasema, huku akiwakonyeza vijana, "miezi minane kamba ni ile ile. Mjukuu gani huyu hakui? Au mmemhifadhi kwenye friji?"

Vijana wakacheka hadi mmoja akapaliwa na soda. Bi Mwanamisi hakucheka. Aliilaza kamba juu ya siti polepole, akajitanda vizuri mtandio wake, akatoka bila kuaga.

Germana, anayeuza chai na maandazi mlango wa pili, aliyasikia yote. Akasubiri vijana watawanyike.

"Mdomo wako huo, Twaha. Yule mama wajukuu wake ni mabinti watupu. Wa kiume alikuwa mmoja, Omary. Tulimzika mwaka juzi, hata miaka kumi na mitatu hakufikisha."

Twaha hakujua. Yeye ni mtu wa Mto wa Mbu, Karatu alihamia mwaka jana tu. Akakaa kwenye tairi. Mkononi alikuwa na spana namba kumi, na hakukumbuka alitaka kufungua nini.

Basi, huyu Twaha kazi yake ni pikipiki za watu, lakini mapenzi yake ni vile vipikipiki vifupi vya zamani, vinavyomfika mtu mzima mapajani. Wenye mashamba ya kahawa waliwaletea watoto wao, watoto wakakua, vikabaki mabandani vinaota kutu. Twaha huvifuata hadi Buger, hadi Baray, anavitoa chini ya kuku na mavi yao, anavisugua, anavipaka rangi, anavipanga mbele ya karakana. Anavyo kumi na kimoja. Wageni wanaopanda Ngorongoro husimamisha magari wakavipiga picha.

Ila chekundu hakikuwa chake. Bi Mwanamisi alikileta kwenye mkokoteni, kimefunikwa gunia, kakinunua kwa wauza chuma chakavu.

"Hiki nakijua tangu msichana," alisema siku ile, akijikalisha kwenye benchi na kuunyoosha mguu. "Watoto wa mwenye shamba ndio waliokipanda. Kikizima, sisi wachuma kahawa tunaitwa tukisukume." Kisha akaongeza kwamba ni cha mjukuu.

Sasa Twaha akayakumbuka maagizo yake. Breki iwe laini, vidole vya mjukuu havina nguvu. Kiki ya kuwashia iwe nyepesi, goti lake linamsumbua. Mnyororo ufunikwe wote, nguo isije ikanaswa. Maskini, kumbe mtoto alikuwa mgonjwa. Bibi wa watu anatembea na kipimo cha mguu uliokwisha kuzikwa, na yeye Twaha akataja friji.

Aibu ilimkaa kama oili chafu chini ya kucha. Wiki mbili alipita uchochoro wa nyuma ili asilipite duka la khanga la Bi Mwanamisi. Mgeni mmoja akamsifia kazi yake, yeye akainama kutafuta nati ambayo haikuwa imeanguka.

Alichoweza ni kazi, akaifanya. Akatafuta springi laini ya breki. Akakata bati, akaufunika mnyororo wote. Akashusha siti vidole viwili, akapima kwa ile kamba mara tatu. Rangi alipaka mara nne, na kwa mara ya mwisho alingojea siku ambayo upepo haukuinua vumbi.

Ijumaa baada ya swala akakisukuma hadi dukani. Hakukipanda, aliona si adabu.

Bi Mwanamisi alikuwa anakunja khanga nyuma ya kaunta, kaunta yenyewe ikimfika kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho hakuyainua.

"Mama, nisamehe. Sikujua habari za Omary. Mdomo ulinitangulia." Twaha akakisogeza kile kipikipiki mbele. "Kiweke kiwe kumbukumbu yake. Nimekifanya kama ulivyoagiza, hata lile goti lake sikulisahau."

Bi Mwanamisi akazunguka kaunta, akiishikilia. Akaibonyeza breki kwa kidole kimoja, ikaitika. Akapitisha kiganja juu ya siti, juu ya bati la mnyororo. Kisha akauvuta mtandio hadi puani, na Twaha akaona kwamba hata Bi Mwanamisi mwenyewe hawezi kumtazama.

"Omary alikuwa mzima wa magoti, mwanangu. Alikuwa anakimbia mpaka anatuudhi."

Twaha akabaki ameshika usukani.

"Nilimsingizia mjukuu, Mungu anisamehe. Bibi wa miaka sitini na tisa, ningemwambia nani?" Akachungulia barabarani, kushoto na kulia, akarudisha mlango wa duka. "Goti bovu ni langu, na mguu wa kwenye kamba ni wangu. Nimesukuma vya kutosha, Twaha. Nataka kupanda mimi."