Maporomoko ya Kwao Maximilla

"Haya ni maji ya bomba, mwalimu," Maximilla alisema, akairudisha karatasi. "Ya kwetu ukiyatazama unasahau kumeza mate."

Ilikuwa karatasi ya tatu kuharibika. Mwalimu Ghati, mtu wa Tarime aliyehamishiwa Kibondo, alichora kwa rangi za maji. Kwa rangi hizo weupe haupakwi. Sehemu yake huachwa karatasi tupu, na ukiipaka kwa kukosea, weupe haurudi tena.

Maximilla, muuza maharage sokoni, alitaka mama yake ayaone maporomoko ya kwao Burundi kabla hajafa. Kila Jumamosi alikuja na jipya: mara upinde wa mvua, mara mngurumo wa malori kumi.

"Uliyaona mwenyewe?" Ghati aliuliza.

"Tulikimbia nina miaka minne. Lakini Mama alinisimulia habari zake njia nzima. Fanya haraka, mwalimu. Mama hataki kurudishwa hospitali ya Kabanga, na sasa hata uji anaukataa."

Ghati aliona haya kushindwa mara ya nne. Akapanda basi hadi Kasulu, akatembea mpaka kwenye maporomoko ya huko. Akaketi kwenye jiwe, akaanza kuchora. Manyunyu yakalowesha karatasi, rangi zikatambaa zenyewe, ukungu ukajichora. Aliporudi hakumwambia mtu alikokuwa.

Maximilla alipoiona picha alishika kichwa. "Ndiyo yenyewe! Mwalimu, umefikaje kwetu?"

Ghati akajifanya anaosha brashi.

Nyumbani, Bibi Niyomwungere, mama yake Maximilla, alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, khanga hadi kidevuni. Aliitazama picha kidogo tu. Uso wa mwanawe ndio alioutazama sana.

"Ni yenyewe, Mama?"

"Ego," Bibi akaitikia kwa Kirundi. "Ndiyo yenyewe."

Maximilla akatoka mbio kuwaita majirani, huku analia na kucheka.

Ghati hakuweza kuvumilia. Kumdanganya mtu aliye kwenye pumzi za mwisho! Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Bibi, nisamehe. Ya kwenu siyajui. Haya niliyachora Kasulu."

Bibi alisubiri kwanza sauti ya mwanawe ifike mbali.

"Inuka, mwalimu," akanong'ona. "Kwetu kulikuwa tambarare, hata kijito hakuna. Mtoto alilia kiu njiani, anataka kuketi, na nyuma yetu bunduki zinalia. Nikawa namtungia hadithi ya maporomoko, ili atembee."